Nyumba Yetu, Ardhi ya Wenyewe: Mambo ya Kujua Ploti Inapobadilishwa Matumizi

Ubao ulisimamishwa Jumatatu, na hadi Alhamisi hakuna mtu mtaani aliyeusoma. Ulikuwa kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeupe, kimepigiliwa kwenye miti miwili karibu na jaa la taka, mahali ambapo mpita njia hutazama chini asikanyage maji machafu. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akimsubiri abiria ndiye aliyeupiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza kitupu: mwenye ploti anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi yake kutoka makazi ya kawaida hadi ghorofa na biashara, na mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi ndani ya siku 14.

Siku tatu zilikuwa zimeshakwenda.

Juu ya ploti ile zimesimama nyumba za Kiswahili zaidi ya 20. Moja ni ya shangazi yangu, dada yake baba, aliyeingia humo akiwa bibi harusi. Nyumba ni yake. Ardhi si yake. Kila mwezi hupeleka kodi ya ardhi kwa wakala wa mwenye ploti na kupewa risiti, na hivyo ndivyo alivyofanya mama mkwe wake kabla yake. Anaishi chumba kimoja, vyumba vingine vitano amepangisha, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo chakula chake, dawa zake za presha na nauli yake ya kwenda mazikoni.

Wiki ile niligundua kwamba watu wazima, wenye nyumba miaka mingi, hawajui ombi kama lile hupitia wapi, nani huamua, na wao wana sauti gani. Mimi mwenyewe, pamoja na diploma yangu na kujifanya mwandishi, nilijua nusu tu. Nimeuliza, nimesoma sheria, nimekaa na wakili mmoja rafiki yangu hadi akachoka nami. Haya ndiyo niliyokusanya.

Nyumba bila ardhi

Msomaji wa Nairobi akiona tangazo la Mombasa linalosema "nyumba inauzwa, bila ardhi", hudhani ni kosa la uchapaji. Kwetu ni jambo la kila siku. Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe, kote huko kuna maelfu ya watu wenye kuta na paa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Nyumba huuzwa, hurithiwa, huwekwa wakfu, hutolewa mahari, na ardhi iliyo chini yake haiguswi.

Desturi hii ina mizizi miwili. Mmoja ni wa kwetu wenyewe. Pwani tangu zamani mtu aliweza kumiliki minazi ndani ya shamba la mwenzake, na jengo nalo likahesabiwa mali peke yake, mbali na udongo. Sheria ya Kiingereza inasema kinyume: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Hata hivyo mahakama za huku zimeitambua nyumba bila ardhi kuwa ni mali inayoweza kuuzwa na kununuliwa, kwa sababu haikuwezekana kufumba macho mbele ya jambo linalofanywa na mji mzima.

Mzizi wa pili ni wa historia ya hatimiliki. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza wakausimamia kuanzia 1895. Mwaka 1908 ikapitishwa sheria ya hatimiliki za ardhi ya Pwani, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ajitokeze aandikishe. Waliojua kusoma, wenye karatasi na wenye jamaa ofisini wakaandikisha. Wengine wengi, Wamijikenda hasa na Waswahili maskini, wakabaki wakilima na kujenga juu ya ardhi ambayo kwenye daftari ilikuwa na jina la mtu mwingine. Warithi wa majina yale ndio wenye ploti hadi leo. Wengine wako hapa mjini tunaswali nao. Wengine wako Ughaibuni na hawajawahi kuiona ploti yenyewe.

Mpango ulikuwa hivi: mwenye ardhi hugawa shamba lake vipande, hukodisha kila kipande kwa mtu anayetaka kujenga, na hupokea kodi ya mwezi. Ruhusa ya kujenga ilikuwa ya nyumba ya muda, ya miti, udongo na makuti. Nyumba ya mawe ilikatazwa, kwa sababu mwenye ardhi alitaka siku akiihitaji ardhi yake asione ugumu wa kuirejesha. Ndiyo maana ukipita mitaa yetu ya zamani utaona nyumba ina mlango wa nakshi na sebule ya vigae lakini kuta zake bado ni udongo uliopigwa plasta. Haikuwa ufukara. Mwenye nyumba alijua hatamiliki ardhi, na hata kiraka cha saruji kiliombewa ruhusa.

Kisheria, mtu wa namna hii yuko kwa hiari ya mwenye ardhi. Hapa kuna jambo ambalo wazee wengi hulikosea. Husema, "Nimekaa miaka 40, sheria inasema baada ya miaka 12 ardhi ni yangu." Ni kweli kwamba Kenya kuna sheria ya miaka 12, lakini hiyo ni ya mtu aliyekaa bila ruhusa ya mwenye ardhi, waziwazi, na bila kuondolewa. Ukilipa kodi ya ardhi, umekiri kwamba ardhi ni ya mwenzako na wewe umo kwa ruhusa yake. Risiti unazoziweka zinathibitisha umo kihalali, na wakati huohuo zinakuzuia kudai kuwa ardhi ni yako. Nilipomweleza shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo waliokataa kulipa ndio werevu?" Sikuwa na jibu zuri.

Jambo kama hili kwa Wamarekani

Kabla sijaingia kwenye utaratibu, nataka kutoka nje kidogo, kwa sababu nilipokuwa nikitafuta mfano wa watu wenye nyumba bila ardhi, nilitazamia kuupata Zanzibar au Bara Hindi. Niliupata Marekani.

Huko kuna nyumba zinazotengenezwa kiwandani, huvutwa na lori hadi mahali pake na kuwekwa. Familia za kipato cha chini hununua nyumba hizo, lakini nyingi huziweka kwenye uwanja wa mtu na kulipa kodi ya uwanja kila mwezi. Nyumba yao, ardhi ya mwenyewe. Kwa jina ni nyumba za kuhamishika, ila kuihamisha moja hugharimu maelfu ya dola, na ile ya zamani haipokelewi mahali pengine au huvunjika njiani. Kwa hiyo zimekwama kama nyumba ya udongo ya Majengo.

Kule Palo Alto, California, kuna uwanja uitwao Buena Vista, wenye wakazi wapatao 400. Mwaka 2012 wenye ardhi walitaka kuufunga ili pajengwe nyumba za kisasa, na eneo lile ni la matajiri wa kompyuta, ardhi yake ni dhahabu. Wakazi walibishana na mwenye ardhi na baraza la mji kwa miaka. Mwaka 2015 baraza likaidhinisha kufungwa. Halafu mwaka 2017 shirika la umma la nyumba la Santa Clara likaununua uwanja kwa dola milioni 40.4, wakazi wakabaki. Katika jimbo la New Hampshire wamekwenda mbele zaidi: mwenye uwanja anayetaka kuuza hutakiwa kuwaarifu wakazi siku 60 kabla, wapate nafasi ya kutoa bei yao, na tangu 1984 wakazi wa viwanja kadhaa wameunda ushirika na kuinunua ardhi iliyo chini yao.

Nimeyataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, mtu asituambie kwamba nyumba bila ardhi ni ushamba wa Pwani. Pili, wale waliobaki hawakubaki kwa sababu sheria ya mipango iliwaokoa. Walibaki kwa sababu kuna aliyeinunua ardhi. Ombi la kubadilisha matumizi ni mlango wa kwanza tu, na wengi wetu tunapigana mlangoni kana kwamba ndiyo nyumba yote.

Ombi hupita wapi

Kenya, mipango ya ardhi ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na sheria yenyewe ni ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mwenye ardhi hawezi kuamka asubuhi akageuza ploti ya makazi kuwa ya maduka na ghorofa 10. Lazima aombe kibali cha kaunti. Anayeanza kujenga bila kibali anavunja sheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Kwa mjenzi wa ghorofa faini hiyo ni bei ya milango, lakini ndiyo sheria.

Ombi huandaliwa na mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa, likiambatana na nakala ya hatimiliki. Mwombaji hutakiwa kuutangazia umma na kuwaalika wenye pingamizi. Ndipo hutokea ule ubao kwenye ploti, na kile kitangazo kidogo gazetini ambacho husomwa na mawakili na wafungaji wa vitumbua. Mapingamizi hupelekwa kwa waziri wa kaunti anayesimamia ardhi. Kaunti nayo hupeleka ombi kwa idara nyingine zitoe maoni: maji, barabara, mazingira, zimamoto, kadiri ya ukubwa wa mradi.

Angalia sana kipengele hiki, kwa maana ndicho kilichonifanya nikose usingizi. Sheria inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, kibali kitahesabiwa kimetolewa. Yaani kimya cha ofisi ni ndiyo. Faili likisahaulika kabatini, au likisahauliwa makusudi, ghorofa limeruhusiwa. Kwa hiyo wanaopinga hawana raha ya kungoja. Wanatakiwa kuulizia, kurudi, kuulizia tena.

Waziri akishaamua, yeyote mwenye maslahi na hakuridhika, awe mwombaji au mkazi, ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango. Kamati nayo hutakiwa kuamua ndani ya siku 14. Ikishindikana hapo, ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Watu wengi hukimbilia mahakamani moja kwa moja kwa hasira, na hakimu huwarudisha akawaambia hawakumaliza ngazi za chini. Pesa ya wakili imekwenda, na siku 14 zimekwenda nazo.

Kibali cha mipango hakimalizi kazi. Ghorofa kubwa huhitaji pia tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo iko chini ya NEMA, na huko nako wananchi huulizwa. Leseni ikitolewa, anayepinga anaweza kwenda kwenye mahakama maalumu ya mazingira ndani ya siku 60. Kwa hiyo kuna milango miwili. Anayechelewa mmoja asikate tamaa kabla ya kutazama wa pili.

Mkutano

Jumamosi baada ya swala ya alasiri tulikutana uwanja wa madrasa. Nilifikiri nitakuta watu wa upande mmoja. Nilikosea.

Mzee wa mtaa alifungua kwa dua, kisha akasema msimamo ni mmoja, hatuondoki, na tuchange pesa za wakili. Wazee wakaitikia. Kijana mmoja fundi wa umeme akainua mkono. "Ami, kwa heshima zote," akasema, "mimi nimezaliwa chumba hichohicho ninacholala na ndugu zangu watatu. Choo ni kimoja, watu 19. Ghorofa likija mimi nitapata kazi ya nyaya. Mnataka niseme silitaki?" Pakazuka kelele. Mzee mmoja alimwambia hana adabu. Lakini alikuwa na adabu, na alilosema lilikuwa kweli.

Kisha akasimama mama mmoja wa upande wa nyuma, mpangaji wa chumba. Nilimjua kwa sura, huuza mahamri asubuhi. "Nyinyi wenye nyumba mnaandika majina yenu," akasema. "Sisi tunaokaa ndani ya nyumba zenu hatumo kwenye orodha. Mkilipwa fidia, sisi tutalipwa nini? Au ndiyo mtatuambia mwezi huu msilete kodi, tafuteni pengine?" Hapo hata kijana fundi alinyamaza. Mimi nilimtazama shangazi, na shangazi alikuwa akitazama kanga yake. Wapangaji wake watano walikuwa wamekaa safu ya nyuma.

Walikuja pia majirani wawili wa ng'ambo ya barabara, wenye ghorofa zao na hatimiliki zao. Wao walipinga mradi kwa sababu nyingine kabisa: maji yatapungua, gari hazitapita, watazibiwa upepo. Wazee wetu hawakutaka kuwasikiliza, wakaona hawa ni matajiri wanaojitakia mambo yao. Nadhani wazee walikosea. Katika jambo la mipango, wale majirani ndio waliokuwa wakizungumza lugha ambayo ofisi inaielewa.

Na alikuja wakala wa mwenye ploti, jambo ambalo sikulitarajia. Alikaa pembeni, akapewa chai kama mgeni yeyote, akaeleza kwa upole. Mwenye ploti wa kwanza amefariki zamani, warithi ni wengi, kodi inayokusanywa haitoshi hata kulipia ada za ardhi za kaunti, na warithi wanataka haki yao ya mirathi. Watu walimzomea. Mimi sikuona kwamba amesema uongo. Kodi ya ardhi ya ploti ile haijapanda miaka mingi, na ukiipiga hesabu, familia ile imekuwa ikiwapangisha watu wote wale kwa pesa isiyonunua mbuzi wa Idd. Mtu kutaka faida ya mali yake si dhulma. Dhulma ni kuweka ubao wa Kiingereza karibu na jaa na kutumaini usisomwe.

Na hilo si maneno yangu tu. Katiba imeweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10, na Mahakama ya Juu mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya BAT, ilieleza kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza sharti. Kifungu cha 7 nacho kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Wakili wangu anasema hoja ya lugha peke yake haitaangusha kibali. Alisema pia tuiandike.

Barua yenye uzito

Tulipomaliza kubishana tuligawana kazi, na hapa naeleza kwa yeyote atakayekumbwa na jambo hili kesho.

Barua ya "sisi ni wakazi wa asili na tunapinga kabisa" haina uzito. Afisa wa mipango hapimi uasili. Anapima maji, njia, msongamano, afya, na kama mradi unaendana na mpango wa eneo. Sehemu kubwa ya Mombasa haina mfereji wa maji taka, tunatumia vyoo vya shimo na matanki, na visima vyetu viko hatua chache kutoka hapo. Ghorofa la familia 80 juu ya udongo uleule litapeleka maji yake wapi? Gari la zimamoto litapita kwenye kichochoro cha upana upi? Watoto wataingia shule gani? Maswali haya yakiulizwa kwa maandishi, yakiambatana na picha na vipimo, ofisi italazimika kuyajibu. Tuliwaomba wale majirani wa ghorofa waandike ya kwao pia, na wakaandika vizuri kutushinda.

Halafu ni lazima barua iseme jambo ambalo ombi lenyewe huwa halisemi: kwamba juu ya ploti kuna watu. Nilishangaa kujua kwamba ramani na maelezo ya ombi yanaweza kuonyesha kiwanja kana kwamba ni kitupu, au "majengo ya muda". Sisi tuliandika kila nyumba, mwenye nyumba, idadi ya vyumba, idadi ya wapangaji, visima, madrasa. Yule mama wa mahamri ndiye aliyezunguka na daftari akiwaandika wapangaji, na orodha yake ikatoka ndefu kuliko yetu.

Mkazi ana haki ya kuomba kuliona faili. Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya 2016 ya kupata habari vinampa haki hiyo. Lakini sheria hiyo inaipa ofisi hadi siku 21 kujibu, nawe una 14 za kupinga. Kwa hiyo nenda mwenyewe kaunta, omba kwa adabu, na huku barua ya maombi umeiacha na nakala yako imegongwa muhuri. Muhuri wenye tarehe ndio kila kitu. Jirani mmoja alituma pingamizi lake kwa barua pepe tu, na hadi leo hana la kuonyesha kwamba lilifika.

Kwa ndugu zangu wanaosema twende kwa Kadhi: Mahakama ya Kadhi, chini ya Kifungu cha 170, inashughulikia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu. Warithi wa nyumba ya marehemu wakigombania nyumba ile, Kadhi atawagawia. Lakini Kadhi hawezi kuzuia kibali cha kaunti, wala kuamua kati ya mwenye nyumba na mwenye ardhi. Na kabla ya lolote, hakikisheni ardhi yenyewe si wakfu. Mombasa ina ploti nyingi za wakfu, na kama aliyeitoa aliiweka wakfu, warithi hawana cha kuuza.

Kibali kikitoka

Tuseme tumeshindwa. Kibali cha kubadilisha matumizi si amri ya kuondoa watu. Haya ni mambo mawili, na mara nyingi watu huyachanganya kwa faida ya mwenye ardhi. Nimewahi kusikia mtu akihama usiku kwa sababu alionyeshwa karatasi yenye nembo ya kaunti, na karatasi yenyewe ilikuwa ya ramani ya jengo.

Kumtoa mtu kuna njia yake. Sheria ya Ardhi, ilivyorekebishwa 2016, inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3 kwa anayekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi pasipo haki, na aliyepewa notisi anaweza kwenda mahakamani kuomba nafuu. Mawakili hubishana hapa. Wa mwenye ardhi husema wewe ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, notisi ya mwezi yatosha. Wako husema ukishaambiwa utoke, unaingia kwenye ile miezi 3. Yote mawili yanahitaji maandishi. Hakuna sheria inayoruhusu tingatinga la alfajiri.

Siku ya kutolewa ikifika, sheria hiyohiyo inataka wanaoitekeleza wajitambulishe, waonyeshe idhini ya maandishi, na pakihusika kundi la watu maofisa wa serikali wawepo. Utu na mali vilindwe, wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu waangaliwe. Na mwenye jengo apewe nafasi ya kwanza kubomoa mwenyewe na kuchukua mali yake. Kwetu hilo si dogo. Mabati, boriti, milango, madirisha, vigae: katika nyumba bila ardhi, hivyo ndivyo ulivyonavyo.

Fidia je? Ikiwa hamkuandikiana, ni maelewano. Ndiyo maana naona ni bora kukaa na wakala kabla ya kibali kuliko baada yake. Kabla ya kibali, pingamizi zenu zina bei. Mnaweza kuomba vyumba kwenye jengo jipya, na sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu kila mtu kupata hati ya chumba chake ghorofani. Mnaweza pia kuomba kuuziwa. Hilo wazee wetu hulicheka, na kweli bei ni kubwa. Lakini Likoni, shamba la Waitiki la ekari 930, lililozozaniwa kwa miaka karibu 20, serikali ililinunua na mwaka 2016 wakazi wakaanza kupewa hatimiliki, wakitakiwa kulilipia. Yalikuwa na manung'uniko yake, bei na marejesho. Hata hivyo watu hawakubomolewa.

Sisi tulipeleka barua siku ya 12, barua 31, kila moja na nakala yake iliyogongwa muhuri. Kijana fundi wa umeme hakutia sahihi ya kupinga. Aliandika yake peke yake, kwamba anaunga mkono ghorofa iwapo wanaoishi pale watapewa nafasi kwanza, na nikamsaidia kuichapa. Wakala amekubali kukutana nasi mara ya pili, wapangaji wa vyumba wakiwemo. Siku 60 tunazihesabu kwenye kalenda ya msikiti, nyuma ya mlango.

Shangazi amenitolea mkebe wa biskuti uliojaa risiti za kodi ya ardhi, zimefungwa kwa mipira, nyingine zimeliwa na mende. Wakili anazitaka zipangwe kwa miaka. Kuna pengo la miezi minane, mwaka ambao wakala wa zamani alifariki na mwanawe akawa anapokea pesa bila kuandika. Shangazi anaapa alilipa. Jana tumefika 2007, na leo baada ya isha narudi tuendelee.